Siku ya kutoa damu katika kartye yako: mwongozo kamili kwa vijana wa Bukavu

Ujumbe ninaoupokea kutoka kwa vijana wa Kadutu, Panzi na Bagira unafanana kama mapacha: "Tulitangaza, watu wengi wakajiandikisha, siku yenyewe wakaja wachache, na nusu ya waliokuja wakarudishwa. Tulikosea wapi?"

Mlikosea palepale nilipokosea mimi. Siku yetu ya kwanza tulikuwa na daftari lenye majina zaidi ya 80, spika mbili kubwa na fulana mpya. Tulipata pochi saba, yaani mifuko saba ya damu. Wakati wa kufunga ndipo fundi wa labo aliponionyesha boksi lake: alikuja na pochi kumi tu, maana hakuna aliyemwambia tunatarajia watu wangapi. Hata hao 80 wangekuja wote, 70 wangerudi nyumbani na hasira.

Shida kubwa ni kwamba tulidhani kazi yetu ni kukusanya umati. Damu haiwekwi ghalani kama mahindi. Katika pochi ya kawaida, ndani ya frigo ya nyuzi 2 hadi 6, hudumu siku 35 hivi. Zipo pochi zenye dawa ya kuifikisha 42. Ukiwaita watu 100 Jumamosi moja, labo itakuwa na damu ya kumwaga wiki ya tano na frigo tupu wiki ya sita. Mtoto wa Cahi mwenye malaria iliyommaliza damu hatachagua wiki ya kuugua, wala mama anayevuja damu baada ya kujifungua.

Kinachotakiwa ni watu 30 wanaorudi. Hatua zote hapa chini zimepangwa kwa ajili hiyo.

## Vitu vya kuwa navyo kabla ya kutangaza lolote

- Timu ya watu 8 hadi 10. Wawili kati yao wawe wamefunzwa huduma ya kwanza. Msalaba Mwekundu hufunza vijana. Nendeni kuuliza mafunzo yajayo ni lini.
- Daftari moja gumu, la karatasi. Simu huzima na kuibwa.
- Unite za simu, kwa sababu mtapiga simu nyingi kuliko mnavyodhani.
- Chumba chenye milango miwili, au chumba na ua. Sababu utaiona katika hatua ya tano.
- Viti 20 na mikeka au magodoro manne.
- Maji safi ya kunywa, bidoni mbili za lita 20 kwa kunawa, sabuni.
- Kinywaji chenye sukari na kitu cha kutafuna: chai, juisi, ndizi mbivu, mandazi, biskwi. Hesabu ya kila anayeingia, si ya kila anayetoa damu.
- Turubai. Kuanzia Septemba hadi Mei mvua ya Bukavu haiombi ruhusa.
- Jenereta au uhakika wa taa, kama chumba ni cha giza.

Sindano, pochi, mizani ya damu, mashine ya presha, dawa na boksi la barafu si vyenu. Vinakuja na timu ya labo na vinaondoka nayo. Kijana wa timu asiguse pochi iliyojaa hata kwa nia ya kusaidia.

Jambo jingine la kuzuia mapema: msichore msalaba mwekundu kwenye fulana au bango lenu. Alama hiyo inalindwa na Mikataba ya Geneva ya 1949, na katika mkoa wetu ulinzi huo si mapambo: kuna siku gari la wagonjwa linapita kwa sababu wenye silaha wanaitambua alama na kuiheshimu. Kila anayeichora ovyo anaipunguzia nguvu. Chora tone la damu.

## Hatua ya 1: Anzia labo

Watu wengi huanzia kanisani au kwenye kundi la WhatsApp, halafu hospitali hupewa taarifa kama mgeni wa harusi. Geuza. Nenda kwanza kwenye kituo cha mkoa cha utiaji damu, ambacho watu wa afya hukiita CPTS, au kwenye benki ya damu ya hospitali kubwa iliyo karibu nanyi. Nenda na mwenzako mmoja, asubuhi, na daftari.

Uliza maswali haya na uandike majibu:

Mnaweza kupima na kuhifadhi pochi ngapi kwa siku moja? Hili ndilo swali la kwanza, na jibu lake ndilo kikomo chenu. Kila pochi lazima ipimwe ukimwi, hepatitisi B, hepatitisi C na kaswende kabla ya kumfikia mgonjwa. Kukiwa na vipimo vya watu 25, mtoaji wa 26 amechomwa bure.

Vipimo na pochi vilivyopo vinaisha muda lini? Labo njema haitachukia swali hili.

Damu hupungua zaidi miezi gani? Mara nyingi utaambiwa likizo kubwa, Julai na Agosti, wanafunzi wanapotawanyika, na kipindi cha sikukuu za mwisho wa mwaka. Hapo ndipo siku yenu inahitajika.

Mgonjwa anatozwa nini anapopewa damu? Omba bei ziandikwe. Usiruke swali hili kwa aibu. Mtaani utaulizwa mara mia, na ukijibu "sijui" kampeni imekufa.

Nani atakuja, saa ngapi, na nani analipa usafiri wake? Hapa ndipo urafiki mwingi huvunjika. Kubalianeni mapema kama gari linatoka kwao au mnachanga ninyi.

Baada ya hapo peleka barua fupi kwenye ofisi ya zoni ya afya na nyingine kwa shefu wa kartye. Barua iseme siku, mahali, saa, labo inayohusika na majina ya viongozi wawili wa timu. Katika hali ya mji wetu, mkusanyiko wa vijana ambao hakuna aliyeujua hugeuka maswali, na maswali hugeuka matatizo. Msikubali pia bendera, kofia au fulana ya chama chochote, hata kama mwenye chama analipia juisi. Damu ikipakwa rangi ya upande mmoja, upande wa pili hautakuja kutoa, na wengine wataogopa hata kupokea.

Hatua hii imekamilika mkiwa na namba moja iliyoandikwa, kwa mfano "pochi 25", na jina la mtu wa labo wa kumpigia.

## Hatua ya 2: Gawanyeni watu makundi manne

Hii ndiyo hatua ambayo hakuna aliyetufundisha.

Mwanamume anaweza kutoa damu kila baada ya miezi mitatu, mwanamke kila baada ya minne. Ukiwachoma watoaji wako wote siku moja, kwa miezi mitatu huna hata mmoja. Nyumba za Nyamugo zikiungua wiki inayofuata, au mlima ukishuka kama ulivyoshuka Kalehe mwezi wa Mei 2023, daftari lako lina majina mengi na mikono sifuri.

Kwa hiyo gawanya daftari sehemu nne. Kundi la kwanza litoe Januari, la pili Februari, la tatu Machi, la nne Aprili. Mei mnarudi kwa la kwanza. Hapo hata wanawake watakuwa wametimiza miezi yao minne. Kwa njia hii kila mwezi kuna damu mpya inayoingia, na kila siku ya mwaka kuna kundi angalau moja ambalo wanaume wake wamepumzika vya kutosha na wanaweza kuitwa kwa dharura.

Andika kwa kila mtu: jina, simu, avenyu, kundi la damu kama analijua, na tarehe ya mwisho aliyotoa. Basi. Usiandike ugonjwa wa mtu, wala sababu ya kurudishwa kwake. Daftari hilo litapita mikononi mwa watu wengi.

## Hatua ya 3: Siku na mahali

Kama mnaweza kuchagua siku moja tu, msichague tarehe 14 Juni. Ndiyo Siku ya Watoaji Damu Duniani, na kwa sababu hiyo kila shirika, kila kanisa na kila redio inaikimbilia. Labo imejaa kazi siku hiyo. Sherehekeeni wenzenu, ninyi mje Julai.

Epukeni asubuhi ya salongo, ile kazi ya pamoja ya usafi, kwa kuwa watu wamechoka na hawajanywa maji. Epukeni asubuhi inayofuata usiku wa maombi: aliyekesha kanisani na kufunga atazimia mbele yenu. Kama kartye yenu ina Waislamu wengi, mwezi wa Ramadhani msiwaite mchana. Na wapo ndugu ambao dini yao haikubali kutiwa damu. Msibishane nao mlangoni, waombeni msaada wa viti.

Mahali pawe pa kufikika kwa miguu. Bukavu ni mji wa milima, na mtu aliyepanda kutoka chini ya Mosala hadi juu akitokwa jasho presha yake itapimwa vibaya, na akishatoa damu atateremka njia ileile. Ukumbi wa parokia, darasa la shule au ofisi ya kituo cha afya vinafaa. Soko halifai, hata kama kuna watu wengi: kelele, vumbi, na hakuna pa kumsikiliza mtu kwa siri.

## Hatua ya 4: Tafuteni watoaji mmoja mmoja

Megafoni inaleta watazamaji. Mtoaji analetwa na mtu anayemjua kwa jina.

Kila mwanatimu achukue watu saba au wanane: jirani, ndugu, mwenzake wa kwaya, fundi simu wa avenyu, motari anayempeleka chuo kila siku. Aongee na kila mmoja ana kwa ana. Kwetu, nusu ya walioahidi hawaji, na katika kila wanne wanaofika mmoja hurudishwa. Basi ukitaka pochi 25 tafuta ahadi 65 hivi. Hesabu hiyo ni ya kwetu. Mkishafanya mara mbili mtajua ya kwenu.

### Nani asisumbuliwe kuja

Kinachovunja watu moyo ni kupanda mlima, kupanga mstari saa moja, na kuambiwa "hapana" kwa jambo ambalo lingeulizwa nyumbani. Muulize mapema:

Ana miaka 18 au zaidi, na hajapita 65? Ana kilo 50? Hana homa, hayuko kwenye dawa ya malaria au ya ugonjwa mwingine? Hajatoa damu karibuni? Kwa dada: si mjamzito, hanyonyeshi? Shirika la Afya Duniani linashauri mama asubiri baada ya kujifungua miezi mingi kama aliyobeba mimba. Aliyechanjwa chale au kuchorwa mwili siku za karibuni naye asubiri. Labo itamwambia muda.

Maswali ya maisha ya chumbani ni ya muuguzi peke yake. Usiyaulize hata kama ni rafiki yako. Hasa kama ni rafiki yako.

### Maneno mtakayoyasikia

"Damu naitoa bure, halafu shangazi yangu anaambiwa alipe." Hili ndilo jiwe kubwa njiani, na wanaolisema mara nyingi wameyaona kwa macho yao. Jibu kwa karatasi ile ya bei: damu yenyewe haina bei, kinachotozwa ni pochi, vipimo na kazi ya labo. Usimwambie mtu kwamba kila kitu ni bure kama si kweli. Mimi niliwahi kusema hivyo mbele ya baba mmoja aliyekuwa ametoka kulipa wiki hiyohiyo, na sikuweza tena kurudi kwenye avenyu yao na daftari.

"Nitabaki bila nguvu." Mtu mzima ana lita tano hivi za damu, na pochi huchukua mililita 450, chini ya nusu lita. Maji ya damu hurudi ndani ya siku moja au mbili. Chembe nyekundu huchukua wiki kadhaa. Ndiyo sababu ya ile miezi mitatu.

"Nataka nije nijue kama nina ukimwi." Huyu mpeleke kwenye kituo cha kupima kwa hiari, kwa upole, na usimwandike. Kuna siku za mwanzo baada ya kuambukizwa ambapo kipimo bado hakioni kitu, lakini damu tayari inaambukiza. Anayekuja kutoa damu ili ajipime anaweza kumpa mgonjwa ugonjwa bila yeye wala labo kujua.

"Mnanipa ngapi?" Hapana. Juisi ndiyo, fulana kama ipo, pesa hapana. Anayehitaji pesa ataficha homa yake, ataficha kwamba alitoa mwezi uliopita. Wapo watu wanaosimama karibu na lango la hospitali wakiuza mkono wao kwa familia zenye haraka, msiwaongezee wenzao.

Usiku wa kuamkia siku yenyewe, mpigie kila mtu. Mwambie ale vizuri jioni na asubuhi, anywe maji mengi, alale, asinywe pombe, aje na kadi yake. Asubuhi mtumie ujumbe mfupi. Simu hiyo na ujumbe huo vilituongezea watu kuliko spika zote tulizowahi kukodi.

## Hatua ya 5: Siku yenyewe

Fikeni saa moja kabla ya labo. Pangeni chumba kwa mtiririko: meza ya majina, viti vya kusubiri, kona ya siri ya mahojiano, mizani na presha, kipimo cha tone la kidole, vitanda, halafu sehemu ya kunywa. Kona ya siri iwe ya siri kweli: pazia, na mwanatimu mmoja wa kuzuia watu wasisogee. Mtu akijua anasikika atadanganya, na uongo huo utaishia kwenye mshipa wa mgonjwa.

Tone la kidole linapima wekundu wa damu (hemoglobini). Kiwango cha kawaida cha kuruhusiwa ni gramu 12 kwa wanawake na 13 kwa wanaume katika kila desilita. Dada wengi hukwama hapa. Wasiondoke na aibu. Waondoke na ushauri: maharagwe, sombe, lenga-lenga, sambaza, ini likipatikana, pamoja na limau au marakuja, kwa kuwa tunda chachu husaidia mwili kuchukua chuma. Na chai isinywewe pamoja na chakula, isubiri saa moja. Najua kwetu chai na chakula ni ndugu, lakini chai huzuia chuma. Kama kiwango kiko chini sana, muuguzi amtume hospitalini. Huyo ni mgonjwa, si mtoaji.

### Ule mlango wa pili

Sasa jambo la milango miwili. Mara ya pili tulipofanya, walioruhusiwa walikwenda kulia kunywa juisi, waliorudishwa walitoka kushoto kwenda barabarani. Kabla ya saa sita mtaa mzima ulikuwa unahesabu: "Fulani katoka kushoto, basi anao." Kijana mmoja aliyerudishwa kwa sababu ya kilo 47 alisemwa kwa miezi. Hatukumwona tena, wala ndugu zake.

Tangu siku hiyo kila anayeingia anapita njia moja, anakaa benchi moja la mwisho, anakunywa kinywaji kilekile, anatoka mlango uleule wa nyuma. Muuguzi akikubali, hata waliorudishwa wanabandikiwa pamba kidoleni palipochomwa, na hakuna anayejua nani alifika kitandani. Ndiyo maana hesabu ya juisi ni ya wanaoingia. Ukibana matumizi, bana kwingine.

Kwa sababu hiyohiyo, msipige picha za watu vitandani na kuzitupa mtandaoni. Asiyeonekana kwenye picha ataulizwa kwa nini.

### Kumtunza aliyetoa

Kutoa kwenyewe huchukua dakika kumi hivi. Baada ya hapo dakika 15 za kukaa, kunywa na kula, na mwanatimu wa kuongea naye. Si adabu tu: wengi wanaozimia huzimia wakisimama haraka.

Akianza kutokwa jasho baridi, kupiga miayo, kukosa rangi midomoni: mlaze chali palepale, hata sakafuni, inua miguu yake, legeza shati, mwite muuguzi. Usimmwagie maji, usimnyanyue, usiruhusu duara la watu. Kwa kawaida ndani ya dakika chache anafungua macho na kuona haya.

Kabla ya kutoka aambiwe: maji mengi leo, bandeji ibaki saa chache, mkono huo usibebe kitu kizito. Motari asirudi kazini siku hiyo. Na akina mama wanaobeba mizigo mgongoni kutoka Beach Muhanzi au soko la Kadutu, hawa waje siku wanayoweza kupumzika kweli. Kama hakuna siku kama hiyo, msiwabembeleze. Damu ya mtu mwenye njaa si ya kuchukuliwa.

Mkiona usiku wa siku hiyo hakuna aliyepelekwa hospitalini, pochi zote zimeondoka na timu ya labo ndani ya maboksi yao, na chumba mmekiacha kisafi kuliko mlivyokikuta, siku imekwenda vizuri, hata kama pochi ni 12.

## Hatua ya 6: Siku saba zinazofuata

Hapa ndipo timu nyingi hulala, na hapa ndipo mtoaji wa kurudi hupatikana.

Siku ya pili mpigie kila aliyefika, pamoja na waliorudishwa: "Umeamkaje? Mkono hauumi?" Simu ya dakika moja. Watu wameniambia hakuna mtu aliyewahi kuwauliza hivyo baada ya kutoa kitu.

Ndani ya wiki rudi labo. Uliza pochi ngapi zilifaa na ngapi zilitupwa, bila majina. Chukua kadi za makundi ya damu zikiwa tayari. Majibu ya vipimo anayapokea mwenyewe, kutoka kwa mtu wa afya. Kijana wa timu akipewa bahasha za majibu azigawe, akatae. Hata akiombwa kwa upole.

Kadi ya kundi la damu ni sababu nzuri ya kukutana tena. Mpe mkononi, na papo hapo mwandikie nyuma yake mwezi wa kurudi.

## Msiba ukitokea: timu ileile, kazi nyingine

Siku ya moto, ya maporomoko, ya boti kuzama au ya risasi, kila mtu hukimbilia hospitali kutaka kutoa damu. Moyo huo ni mzuri, ila langoni unazuia magari ya majeruhi. Na damu inayotolewa saa hiyo haimsaidii aliyefika saa hiyo, kwa kuwa vipimo vina muda wake. Wa kwanza kufikishwa anaokolewa na pochi iliyokuwa tayari kwenye frigo.

Kwa hiyo mpigie mtu wako wa labo, uliza makundi gani yanahitajika na watu wangapi. Mara nyingi watataja O kwanza. Fungua daftari, tafuta kundi la mzunguko lililopumzika, waite kumi. Wakitumika, waite kumi wengine. Wote waliobaki wana kazi nyingine.

Waliofunzwa huduma ya kwanza wajiunge na Msalaba Mwekundu, chini ya kiongozi wao, si peke yao. Wengine wawili wawili wapite na shefu wa avenyu kuandika familia zilizopoteza nyumba: jina la mkuu wa familia, idadi ya watu, watoto wachanga, wazee, wajawazito, walemavu. Msiandike kila anayesimama mbele yenu. Wenye nyumba za jirani wathibitishe. Orodha ya siku ya kwanza ndiyo mashirika yatakayoitumia, na ikiwa na majina hewa, familia halisi italala nje.

Mkichanga vitu, changeni vinavyotumika siku hiyo: bidoni, sufuria, sabuni, blanketi, pedi za wanawake, maji. Kipimo cha kimataifa cha maji ni lita 15 kwa mtu kwa siku, kunywa, kupika na kuoga. Familia ya watu saba inahitaji bidoni tano na zaidi za lita 20 kila siku. Ukishalijua hilo utaona kwa nini vijana wenye migongo wanahitajika kuliko hotuba. Nguo kuukuu zisizochambuliwa ziacheni nyumbani. Nimeona rundo lake likilowa mvua uani kwa wiki mbili, na viatu vya kisigino juu.

Mkiwa na vitu vichache kuliko familia, msigawe hadharani. Toeni jetoni (vikadi vya kuchukulia vitu) nyumba kwa nyumba, mkianza na wenye watoto wachanga, kisha waje kuchukua kwa saa tofauti. Mstari mmoja mrefu mbele ya turubai lenye blanketi 30 ni ugomvi unaosubiri kuanza.

Mtoto aliyepotezana na wazazi asichukuliwe nyumbani na mwanatimu hata kwa huruma, wala picha yake isiwekwe mtandaoni. Abaki karibu na alipopatikana, na mtu mzima mmoja wa kike na shefu wa avenyu wakijua, hadi Msalaba Mwekundu au huduma ya jamii ifike. Wazazi hurudi kutafuta palepale.

Yakitulia, rudisha daftari kwenye mpangilio wake. Waliotolewa damu siku ya msiba wameruka zamu yao: sogeza tarehe zao miezi mitatu au minne mbele, kwa kalamu nyekundu, kabla hujalala. Kesho yake labo itakuwa na frigo tupu, na utakayempigia lazima awe yule ambaye hakuitwa.